Chupa Moja Haikuzisemea Zote

Ipo siku, mwanangu, ambayo hunijia hata nisipoiita. Nilikuwa muuguzi mchanga kwenye zahanati moja hapa Mabawa. Akaingia Mwanahawa, kajitanda kanga, mikono mitupu. Kichanga chake kilikuwa kimefariki kwa pepopunda, na wakweze walimwita muongo, eti hakuchomwa sindano ya chanjo alipokuwa mjamzito. Walitaka arudishwe kwao.

"Sista, si mlinichoma hapa hapa?"

Nikamwambia ndiyo, na dawa ilikuwa nzima. Kabla hajachomwa, friji letu liliwahi kuzidisha baridi, na chanjo ile ikiganda huharibika. Lakini tulitoa chupa moja, tukaitikisa kuona kama ina chembe za kuganda, tukaiona salama. Boksi moja, dawa moja, baridi moja. Moja ikipona, zote zimepona. Ndivyo tulivyoamini.

Bi Zaina, muuguzi wetu mkuu, alikuwa akinisikia, na hakuwa na mchezo. "Nani kakwambia? Umepima, au umedhani tu?"

Akajaza maji vichupa vinavyofanana, akavipanga kwenye friji lile lile, akazidisha baridi. Tulipofungua, vingine vilikuwa barafu, vingine bado maji, na vilikaa bega kwa bega! Akakigonga kimoja cha maji kwa ukucha. Kikaganda papo hapo, nikiangalia. Barafu, mwanangu, hutaka pa kuanzia: kivumbi, mkwaruzo wa kioo, hata mtikiso mdogo. Kila chupa na bahati yake. Ile tuliyoitikisa ilijisemea yenyewe tu.

Tukaenda kwa wakweze. Bi Zaina akasema mbele ya wote kwamba Mwanahawa sindano alichomwa, na huenda ni dawa yetu iliyokuwa mbovu. Akaomba radhi. Mama mkwe akainamisha uso.

Mwanahawa hakulia. "Basi si mimi," akasema. Kisha akatutazama. "Na wenzangu mliowachoma siku ile?"

Tukaanza kuwatafuta, nyumba kwa nyumba. Wengine hatujawapata hadi leo, na hilo linaniuma mpaka kesho.

Sasa wewe umevaa sare ya uuguzi. Usimwambie mtu "ni salama" kwa jambo ulilolidhania, hata kama wakubwa wote wanalikubali. Lijaribu kwanza. Na ukigundua mmekosea, nenda ukaseme, usingoje mama aliyefiwa aje kukuuliza. Mola akupe mkono mwepesi wa kuchoma sindano, na ulimi mzito wa kusema "haina neno" kabla hujapima. Amina.