Cheche Ndani ya Mtungi wa Maziwa

Mume wangu Kiprugut ni fundi wa maabara katika shule moja ya wasichana hapa karibu na Kiamunyi. Mimi nikiulizwa kazi yake nasema ameoa ile maabara, mimi niliwekwa tu kumpikia. Sasa macho yake yanazima. Daktari alituambia katikati ya jicho pamekufa, pembeni bado pazima, na dawa hakuna. Muhula huu ukiisha anaacha kazi. Hakulia. Alisema tu kuna kitu anataka kukiona kwanza, na mimi nikajua ni mjukuu wetu aliye Eldoret.

Wapi. Alitaka kuona cheche.

Kuna jaribio la zamani ambalo picha yake ameitundika ukutani kila mwaka. Watu walirusha chembe ndogo ajabu kwenye karatasi ya dhahabu. Karibu zote zilipenya utadhani hapana kitu hapo. Chache mno ziligonga kitu zikarudi zilikotoka, na ndipo ikajulikana kwamba kila kitu, hata mimi na wewe, ndani ni nafasi tupu yenye kiini kidogo kigumu. Chembe ikigonga kioo kilichopakwa dawa yake, hutoa cheche moja hafifu. Kiprugut ameeleza hayo miaka yote bila kuiona hata moja.

Mwalimu Nimesh wa fizikia ndiye aliyemtia moto. Baba yake ni sonara mjini, akatoa dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mpaka pumzi inaweza kuipasua. Kiprugut akaleta mtungi wetu wa maziwa, bila kuniuliza, akautoboa, akaweka kile kioo na hadubini ya kukitazama, vinavyozunguka pamoja na kifuniko, na pampu ya kunyonya hewa, maana hata hewa huzizuia hizo chembe. Chembe zenyewe zilitoka kwa punje ya madini ya mionzi ambayo shule huifungia kwenye kisanduku cha metali ya risasi.

Jumamosi nikamshika mkono nikampeleka. Madirisha ya stoo ya maabara yalikuwa yamefunikwa blanketi.

"Tukae gizani nusu saa, macho yazoee," Nimesh alisema.

Tulikaa. Tulipokaribia kumaliza, simu yake ikawaka: mama yake anauliza kama atakuja kula chapati. Mwanga wake ukaharibu mazoea yote ya macho yetu. Nikamwambia, "Mwalimu, hiyo simu ungemwachia mama yako." Tukaanza upya.

Nimesh aliangalia kwanza. Kisha mimi. Jamani, nilichokiona sijui nikisemeje. Vidoa vya mwanga vilikuwa vikizuka na kufa, huku na kule, kama matone ya mvua ya kwanza vumbini, na hakukuwa na sauti yoyote. Kila kimoja kilikuwa chembe iliyopita ndani ya dhahabu bila kuacha tundu. Nilisahau habari ya mtungi wangu. Niliogopa, na sikutaka kutoka.

Zamu yake ikafika. Aliinama muda mrefu.

"Mama Jepleting, ni giza tu."

Nikamuuliza, "Unaangalia wapi?"

"Katikati."

"Huko katikati si kumekufa? Geuza jicho, vile unafanya nyumbani ukitaka kuona uso wangu."

Akageuza.

"Woi," alisema taratibu. "Kumbe ni nyingi hivi."

Nimesh alicheka kwa furaha, akasema mwanga hafifu jicho lolote huuona vizuri kwa pembeni, ila sisi wazima tumezoea kukodolea kitu moja kwa moja. Kisha akazungusha kifuniko mpaka upande wa nyuma, ambako hufika zile tu zinazorudishwa na dhahabu. Aliangalia, hakuona kitu. Mimi pia sikuona.

Kiprugut akainama tena, kichwa amekielekeza kando. Tulingoja mpaka mgongo ukaniuma.

"Moja imerudi," alisema.

Nilimshika bega.

"Nyingine."

Nimesh akarudia kuangalia, akatikisa kichwa, akasema yeye haoni lolote. Akainuka aende kutoa blanketi dirishani, tupate mwanga.

"Mwalimu, tafadhali," Kiprugut alisema, jicho likiwa limesharudi kwenye hadubini. "Usinitoe gizani bado."