Maharage Manne Kikombeni

Mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, siku ninayoikumbuka kuliko hata ya harusi yangu ni ile tulipoambiwa kuwa mzaliwa wetu wa kwanza, Masanja, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Tulikaa Mkolani, mimi fundi baiskeli, mke wangu akiuza mchele wa Magu. Daktari alitueleza taratibu: sisi wenyewe tulikuwa wazima, ila kila mmoja alibeba chembe ya ugonjwa huo bila kujua. Mtoto akiirithi kwetu sote wawili, anaugua. Uwezekano, alisema, ni mmoja kati ya wanne.

Basi mimi, kwa ujuaji wangu, nikapiga hesabu njia nzima. Huyo mmoja tumeshampata. Watatu wanaofuata watakuwa wazima! Mama Masanja alitaka turudi tukaulize kwanza. Nikamkatalia.

"Zamu yetu imeshapita," nikamwambia.

Akazaliwa Kabula. Hata mwaka haujaisha, vidole vikamvimba kama vya kaka yake.

Pale kliniki palikuwa na nesi mmoja, mama mtu mzima. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kwa hasira iweje wawili wakati tuliambiwa mmoja. Alitia maharage manne kikombeni, matatu meupe na moja jekundu, akaniambia nitoe moja bila kuangalia. Nikatoa jekundu. Akalirudisha, akatikisa.

"Sasa jekundu limo, halimo?"

"Limo, mama."

"Ndivyo ilivyo, baba. Kila mimba, yote manne yamerudi kikombeni. Ungekuja kuuliza, ningekuonyesha mapema."

Masanja tulimzika akiwa darasa la nne. Mama yake hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kabula tunaye, leo mzima, kesho kitandani. Nampenda mno, simjutii yeye. Juzi maumivu yalipomwachia kidogo aliniuliza, "Baba, mlikuwa mnajua?" Nikamwambia kweli: tuliambiwa, ila mimi nilijifanya nimeelewa. Akageukia ukutani.

Wewe unataka kuoa. Kabla ya kupeleka mahari, nendeni wote wawili mkapime damu. Mkikuta wote mmebeba, msitafutane ubaya. Kaeni na wataalamu, ulizeni mpaka muelewe, ndipo muamue. Kuuliza si ujinga, mwanangu, na majuto ni mjukuu. Mungu akujalie watoto, na siku watakapokuuliza, akujalie jibu lisilokuaibisha.