Yamini ya Matano

Matano hakuwa mwizi, na hilo walilijua hata waliomtaja. Baba yake alitoka bara, akabatizwa misheni, na Matano akazaliwa hapa hapa kisiwani, Wingwi. Majirani zake Waislamu walikula naye na kuzikana naye. Ila misheni yao ilikuwa na neno moja gumu: haikutaka kiapo. Si kwa Msahafu, si kwa Biblia, si kwa kaburi la mama. Aapaye, walifundishwa, amemwacha Bwana.

Msimu wa karafuu wa mwaka wa hamsini na tisa, gunia la karafuu likatoweka uani kwa Bi Mwatima. Shehe Mmanga akatangaza kuwa Ijumaa itasomwa halbadiri ya kumwapiza mwizi avimbe tumbo, na kila aliyechuma pale ale yamini kwanza. Matano, kwa heshima, akaruhusiwa kushika Biblia yake. Akaomba wapokee neno lake tupu.

Kificho, mchumaji mwenzake, akacheka. "Neno tupu? Hata kunguru analo."

Watu wakaanza kujitenga naye. Matano akawaona wanawe wakifukuzwa kisimani, akaweka mkono juu ya kitabu, akaapa. Kisomo kikasomwa, udi ukafuka.

Kabla mwezi mwengine haujaandama, tumbo lake likavimba.

Salamu zikakatika. Mkewe, Mwanabaraka, akawa anatwanga mbele ya mlango, mchi mkononi, akisubiri atakayesema lolote. Hakutokea. Watu husema kwa mbali.

Halafu gunia likaonekana, limefukiwa bandani mwa mbuzi wa Kificho, naye akakiri. Shehe Mmanga akaja na Bi Mwatima kutaka radhi. Bi Mwatima alilia kweli.

"Tumekukosea, Bwana Matano," alisema Shehe. "Kisomo hakikukugusa. Kisomo humshika mwizi, na mwizi ameshikwa."

Alidhani anampa raha. Matano akafumba macho. Siku zote zile alijishikiza kwenye shutuma yao: ikiwa ni halbadiri, basi ni mambo ya watu, si adhabu ya Bwana. Sasa hata hapo pameondoka.

Wageni walipotoka akamwambia mkewe, "Basi ni Yeye. Ameniachia mkono."

"Wewe ndiye uliyeachia, tena kwa ajili ya wanao," alisema Mwanabaraka. "Mtoto akiachia mkono wa babake mkondoni, baba naye huachia?"

"Na kama baba ndiye aliyemkataza asiingie mkondoni?"

Mwanabaraka alikwisha kumwuliza mwalimu wa misheni hilo hilo, kama aliyeokoka hupotea tena. Mwalimu alisema wengine husema ndiyo, wengine hapana, akaaga mapema kwa kuhofia mvua. Mvua yenyewe haikuwapo.

Mwanabaraka akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mumewe, akaukaza. Na aitwe mkaidi. Yeye hakuachia hata chakula kilipoungua jikoni.

Mkono wa Matano ulilala tu ndani ya wake, haukukaza.