Chui wa Orville

Karani wa posta hushika kiwavi kama anavyoshika stempu iliyolowa: kwa ncha za vidole viwili, nyusi juu. Kila Oktoba, kabla ya mashindano ya viwavi kukwea uzi, watu wa milima hii ya Karolina humletea viwavi wao wenye manyoya kwenye kaunta. Huwapulizia, hucheka peke yake, kisha hugonga muhuri kwenye karatasi: ndiye kiwavi wa kutabiri baridi, au siye. Mshindi husomwa rangi za mwili mbele ya umati. Akiwa na kahawia nyingi, baridi itakuwa ya huruma. Akiwa na nyeusi nyingi, mtakoma.

Mwaka huu Orville alimleta kiwavi mweusi tii, mnene kama kidole gumba, aliyemlisha majani mwenyewe wiki tatu.

"Mama yangu! Mweusi kichwa hadi mkia!" mtu akapiga kelele kwenye foleni. "Tumekwisha!"

Karani akampuliza. Kiwavi akajikunja mviringo, na katikati ya manyoya zikachomoza pete nyekundu kama midomo iliyopakwa rangi.

"Lo! Chui!" Karani aliruka mpaka stempu zikamwagika. "Orville we, huyu siye! Atatoka nondo mweupe mwenye madoa ya chui. Hajui lolote kuhusu baridi. Hata hao wengine hawajui, ni ushirikina wenu tu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Orville akaondoka na chui wake, nusu amenuna, nusu anaringa. Jioni, akipita nyuma ya nyumba ya karani, alimkuta juu ya ngazi akiimba, kuni zimepangwa hadi paani.

"Ushirikina, eh?"

"Nyamaza, Orville. Nirushie gogo hilo."