Mayala Asoma Upya Kikosi cha Radi

Mchwa ndio walioanzisha habari hii. Justa, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi pale Shinyanga mjini, alivuta sanduku la mbao kutoka uvunguni mwa kitanda cha wageni, akakuta kona yake moja imegeuka udongo. Ndani yake mlikuwa na majarida ya katuni ya mdogo wake, Mayala. Yalikuwa yamelala humo tangu zama za ujana wao.

“Mayala,” aliita. “Njoo uchague ya kubaki. Mengine nayachoma.”

Muda wa kuchagua Mayala alikuwa nao mwingi. Kwa miaka ishirini na tano alikuwa fundi katika maduara ya wachimbaji wadogo, yale mashimo marefu ya dhahabu, kuanzia Bulyanhulu mpaka vilima vya Geita. Kazi yake ilikuwa kusimamisha matimba, magogo yanayozuia kuta zisiwaangukie watu walio chini. Alikuwa fundi mzuri. Lakini mawe yakipasuliwa hutoa vumbi, na vumbi lile lilikuwa limehamia kifuani mwake. Daktari wa hospitali ya Kolandoto alimwonyesha picha ya mapafu na kumwambia kwa upole kwamba yatabaki vilevile yalivyo, kama si kuzidi kuharibika. Basi akiwa na miaka hamsini, Mayala alirudi kukaa kwa dada yake. Kutoka mlangoni hadi bombani alilazimika kusimama mara moja apumue.

Alivuta kiti kivulini mwa ukuta, akaweka sanduku miguuni na kufungua toleo la kwanza.

Jarida la Kikosi cha Radi lilikuwa likitoka kila mwezi, na Mayala alikuwa na matoleo mia moja arobaini na matatu, yakiwa yamepungua machache tu. Kilikuwa kikosi cha watu wanne. Jabali alikuwa na nguvu za kubeba gari. Kimbunga alikuwa na mbio zisizoonekana kwa macho. Mzee Dira ndiye aliyekuwa akipanga, na Bi Nuru alitoa mwanga viganjani. Mayala alipokuwa kijana aliwapenda kuliko wachezaji wa mpira. Alikuwa akisoma huku anachunga, ng'ombe wakaingia mashamba ya watu, akachapwa, na kesho yake akasoma tena.

Siku ya kwanza alisoma akitabasamu. Siku ya tatu tabasamu lilikuwa limekwisha.

“Dada, hebu tazama,” alimwambia Justa aliyekuwa anachambua mchicha. “Huyu Bi Nuru, toleo la tano, ndiye aliyegundua namna ya kuokoa bwawa. Mwenyewe, kwa akili zake. Njoo huku toleo la arobaini. Anafanya nini?”

Justa alivaa miwani. “Anafunga vidonda.”

“Anafunga vidonda na kushika taa. Na akitoka nje ya kambi anatekwa. Nimehesabu, ametekwa mara kumi na saba. Mtu yule yule aliyeokoa bwawa!”

“Leo ndiyo umeona?”

“Zamani sikuona.”

“Mimi niliona,” alisema Justa, akarudi kwenye mchicha wake. “Ndiyo maana niliacha kuyasoma.”

Kuanzia hapo Mayala alisoma kama alivyokuwa akikagua duara kabla ya kuwaruhusu watu washuke, akigonga kila gogo na kusikiliza mlio wake. Aliona kovu la Jabali likihama kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia kila mchoraji alipobadilishwa. Aliona Kimbunga akifa katika toleo la sitini na moja, kifo kilichomliza hasa akiwa kijana, halafu toleo la sitini na nne karudi, na hakuna mwenzake hata mmoja aliyemuuliza alikuwa wapi. Hakuna aliyezeeka. Hakuna aliyekohoa.

Toleo la sabini na mbili alilisoma mara mbili, kisha akaliweka chini kifudifudi. Humo adui alikuwa bibi kizee mchawi, na alama ya uchawi wake ilikuwa macho mekundu.

“Bibi yetu alikuwa na macho mekundu,” alisema.

“Bibi yetu alipika kwa kinyesi cha ng'ombe miaka sitini,” alijibu Justa. “Moshi ule ungekuachia macho meupe wewe?” Akaligeuza jarida. “Wako waliokatwa mapanga huku kwetu kwa macho hayo, Mayala. Na watoto walikuwa wanasoma hiki.”

“Na mimi nilisoma. Nilishangilia alipotupwa kwenye moto.”

“Ulikuwa mtoto.”

“Aliyechora hakuwa mtoto.”

Toleo lile Justa alilichukua mwenyewe, na mchana huo likawashia moto wa maharage.

Mayala aliendelea. Alikuwa amechoka, hata kufunua kurasa kulimchosha, lakini sasa asingeweza kuacha katikati. Siku ya tisa alifika toleo la themanini na saba.

Alikuwa akilikumbuka vizuri. Mgodi umeporomoka, mtu mmoja amenaswa. Mzee Dira anasema wangoje kwanza, ardhi bado inatembea. Jabali anampiga kikumbo na kusema, “Shujaa hangoji!” Anaingia peke yake, anatoka na yule mtu begani, na watu wanarusha kofia juu. Kijana Mayala alikuwa amelisoma toleo hilo mpaka jalada likachanika.

Safari hii jicho la fundi lilitazama kuta. Mgodi ule haukuwa na gogo hata moja, ulikuwa laini na mviringo kama kisima. Kisha, katika picha ndogo ya chini, nyuma ya mgongo wa Jabali, aliona watu wawili walioshika kamba wakimfuata ndani. Hawakuwa na majina, na sura zao zilikuwa mistari miwili tu. Alifunua ukurasa. Jabali anatoka. Wale wawili hawapo. Akatafuta katika ukurasa uliofuata, akatafuta katika toleo la themanini na nane. Hawakutoka, na hakuna aliyewauliza.

Justa alimkuta ameshika jarida bila kusoma.

“Kifua?”

“Hapana,” alisema Mayala. “Masele.”

Justa alilijua jina hilo, ila kisa chenyewe hakuwahi kusimuliwa mpaka mwisho. Siku hiyo Mayala alikimaliza.

Mwaka elfu mbili na tatu, katika duara moja upande wa Geita, njia ya chini iliporomoka asubuhi na kumfungia mchimbaji aitwaye Eliya. Msimamizi alisema wasubiri magogo yaletwe kutoka duara la jirani, nusu saa tu. Mayala alikuwa fundi. Alijua kuliko mtu yeyote pale kwamba msimamizi alikuwa sahihi. Lakini walikuwapo watu wengi wakimtazama, na Eliya alikuwa akiita kwa sauti ya mtoto.

“Nikasema mimi naingia,” alisimulia Mayala. “Na unajua, dada, nilisikia yale maneno ya Jabali kichwani. Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na minane, nikayasikia.”

Aliingia. Masele, rafiki yake wa kambi moja, mzaliwa wa Songwa, aliingia nyuma yake. Mayala alimfikia Eliya, akamvuta, na walipokuwa karibu na mwanga ukuta ukaanguka mara ya pili. Eliya alipona. Masele alitolewa jioni, tayari amekufa. Kambi nzima ilimbeba Mayala mabegani na kumpa jina la Jabali. Jina hilo alilibeba miaka yote iliyofuata, kila mgodi aliokwenda, na watu walidhani analifurahia.

“Mkewe umewahi kumwambia?” Justa aliuliza.

“Hata mazikoni sikwenda. Nilisema mguu umeumia.”

“Uliumia?”

“Haukuumia.”

Juma lililofuata Mayala alipanda gari la Songwa, lile toleo la themanini na saba likiwa ndani ya bahasha ya khaki. Kutoka kituoni aliuliza nyumba ya Melania, Mama Generosa, mjane wa Masele, akaonyeshwa si mbali. Aliifikia akiwa amesimama mara nne.

Melania alikuwa ameketi kwenye mkeka akikata viazi vitamu vya kukausha, vya kutengenezea michembe. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye mvi zilizoanzia mbele. Alimtazama mgeni akihema langoni mpaka alipotulia.

“Mwadila, shemeji,” alisalimia Mayala kwa Kisukuma.

“Mwadila.” Kisu chake hakikusimama. “Wewe ni Mayala.”

“Umenijuaje?”

“Iko picha yenu wawili. Umekonda. Kaa kwenye kigoda hicho, usije ukaniangukia hapa.”

Alimletea maji. Mayala akanywa, akatoa jarida, akafungua ukurasa ule na kueleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kukohoa. Alisema yeye ndiye aliyekataa kusubiri magogo. Alisema aliingia ili aonwe. Alisema Masele alikufa kwa sababu ya kumfuata yeye, kama wale wawili wa kwenye picha, na kwamba kwa miaka ishirini na miwili amesifiwa kwa kazi iliyomuua mtu mwingine.

Melania aliacha kukata.

“Nani alikuambia alikufuata wewe?”

“Alikuwa nyuma yangu.”

“Nimekuuliza nani alikuambia.”

Mayala aliliteremsha jarida magotini.

“Eliya alikuja hapa,” alisema Melania. “Mwaka ule uliofuata, kabla hajahamia Mpanda. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Yeye alikuwa anatazama nyuma wakati wewe unamvuta, kwa hiyo aliona. Gogo moja lilikuwa linaachia. Masele aliliingiza bega. Akasema, ‘Piteni, nimelishika.’ Alisema mara mbili. Wewe hukusikia?”

“Sikusikia kitu.”

“Basi ndiyo hivyo. Hakuwa anakufuata. Alikuwa anamfuata Eliya, kama wewe. Alijua gogo ni nini, ulimfundisha mwenyewe. Alishika akijua.” Sauti yake haikupanda. “Sasa wewe unanijia na kitabu cha picha kuniambia mume wangu ni huyu kajitu kasiko na uso, kanakokimbia nyuma ya mgongo wako. Hata kifo chake unataka kiwe habari yako. Masele alikuwa na akili zake, shemeji. Alikuwa mbishi kuliko punda. Hakuna mtu aliyewahi kumpeleka asikotaka kwenda. Usininyang'anye hilo.”

Mayala aliinamisha kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kilio pia alikuwa amejiandaa. Kwa hili hakujiandaa. Alikuwa amesoma jarida lile kwa jicho kali, akaona kosa la mchoraji, na wakati huo huo alikuwa akilirudia kosa lilelile kwa mdomo wake mwenyewe.

“Nisamehe,” alisema.

“Kwa lipi? Kwa kuingia sikulaumu. Ungekuwa wewe ndiye uliyefungiwa, ningetaka Masele aingie.” Alichukua kiazi kingine, akakigeuzageuza bila kukikata. “Nakulaumu kwa mazishi. Watu walijaa uwanja huu. Kila aliyefika aliniuliza, yule rafiki yake yuko wapi? Nikawa najibu mimi, kwenye msiba wangu, nakutetea wewe. Nikasema mguu wake umeumia.”

“Haukuumia.”

“Nilijua.”

Kuku walipita wakidonoa maganda. Melania hakusema kama amesamehe au la, na Mayala hakuuliza tena. Baada ya muda Melania alimsogezea kisu cha pili.

“Mikono yako bado inafanya kazi?”

“Inafanya.”

“Basi kata. Vyembamba, visioze.”

Walikata viazi mpaka jua likashuka kwenye paa la jirani. Mayala alikata polepole, akipumzika kila baada ya viwili vitatu. Katikati ya kazi Melania alifuta mikono kwenye khanga, akalichukua jarida na kulitazama kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, akirudi kwenye ile picha ndogo.

“Huyu mchoraji hakujua kuchora mikono,” alisema hatimaye. “Tazama. Wameshika kamba kama wameshika ufagio.” Akamrudishia.

Mayala alirudi Shinyanga amechoka kiasi kwamba Justa alimvua viatu yeye mwenyewe. Kulia hakulia, na hakujisikia mwepesi, kama wasemavyo watu kwamba ukisema jambo unapona. Alijisikia mtu aliyefanya kazi ya siku mbili kwa siku moja. Kesho yake alilala mpaka saa nne, kisha akatoka nje, akakaa kwenye kiti chake na kuendelea na toleo la themanini na tisa, kwa sababu lilikuwa ndilo linalofuata.

Alimaliza yote katika mwezi huo. Toleo la mwisho halikuwa na mwisho. Kikosi kilikuwa kimezingirwa kwenye mlima, chini pakaandikwa “Itaendelea,” na mwezi uliofuata jarida halikutoka, wala ule mwingine. Alipokuwa kijana jambo hilo lilimuumiza mno. Sasa alifunga jarida na kusema kwamba huenda nao walikuwa wamechoka.

“Yapi yanabaki?” Justa aliuliza.

Mayala alitenga matoleo kumi ya mwanzo, yale ambayo Bi Nuru bado alikuwa akitumia akili zake. Mengine akamwachia dada yake afanye apendavyo. Vijana wa saluni ya jirani walikuja kuomba waliposikia, wakapewa rundo zima. Kabla hawajaondoka Mayala aliwaita, akakaa nao karibu saa nzima akiwaonyesha mambo ya kutazama, mpaka pumzi ikamwishia na Justa akawafukuza.

Mwezi wa kumi Melania alituma ujumbe kwa simu. Ulisema siku ya misa ya kumwombea marehemu na saa, basi. Justa alikodi gari, akampeleka mdogo wake Songwa. Misa ilikuwa ndefu, nyimbo zilikuwa ndefu zaidi, na kaburi lilikuwa mwisho wa shamba la mtama uliokwisha kuvunwa. Mayala alikwenda kwa miguu yake, akisimama, akienda, akisimama. Walipofika, Generosa, binti wa marehemu, mwanamke sasa mwenye mtoto mgongoni, alimletea kiti cha plastiki. Hakumuuliza yeye ni nani.

Katekista alipouliza kama yuko wa kusema neno, Mayala aliinua mkono. Alisimama akishikilia mgongo wa kiti.

“Alisema, ‘Piteni, nimelishika,’” alisema. “Alisema mara mbili. Sikusikia. Nimeambiwa.”

Alitaka kuongeza, lakini pumzi haikutosha, akakaa. Melania aliendelea kutazama mbele. Mtu akaanzisha wimbo mwingine.