Doa la Injini ya Kushoto

Kwa Papa Lukumani, kule komini ya Tshopo, ukiingia sebuleni lazima uinamishe kichwa. Mlango si mfupi. Ni ndege. Kumi na nne zinaning'inia darini kwa nailoni ya kushonea nyavu, na ole wako ugonge moja kwa kipaji cha uso, utafokewa kabla hujasalimiwa. Mkewe, mama Karima, amemtania mpaka amechoka. "Mutu muzima, iko na wajukuu, anacheza na midoli," huwaambia wageni, kisha yeye mwenyewe anachukua unyoya wa kuku na kupangusa vumbi kwenye mabawa, taratibu, maana akivunja antena moja tu nyumba nzima haitakalika.

Nawe usicheke. Lukumani alikuwa fundi wa ndege miaka thelathini na moja, na hizo ndege hazikuja zikiwa ndege. Zilikuja kwenye masanduku ya karatasi ngumu, vipande vya plastiki ya kijivu vimeshikana kwenye fremu, vingine vidogo kuliko punje ya mchele. Unakata kwa wembe, unapiga msasa, unagundisha, unapaka rangi, na ukimaliza unapata ndege kamili iliyopunguzwa mara sabini na mbili. Hufanya kazi hiyo asubuhi karibu na dirisha, kwa kuwa bwawa la umeme liko hapo jirani lakini umeme wenyewe, eh, huo tuuache.

Kugundisha kila mtu anaweza. Fahari ya Lukumani ilikuwa kwenye uchafu. Alijua moshi unapaka wapi ubavuni, rangi inachubuka wapi pale rubani anapokanyaga kila siku, kiraka cha bati kilipigwa mwaka gani. "Ndege safi iko ya dukani," alikuwa akisema. "Ya kweli iko na madoa yake."

Masanduku hayo alikuwa akiletewa na rubani Wenceslas, rafiki yake wa miaka ishirini, kila aliporudi safari za mbali. Idi, Wenceslas alikula kwa Lukumani. Noeli, Lukumani alikula kwa Wenceslas. Sanduku la mwisho lilikuwa la ndege ileile aliyokuwa akiirusha, ya injini mbili, mali ya kampuni moja ndogo waliyoifanyia kazi wote wawili, ambayo leo haipo tena. "Papa Luku, hii iko yangu," alimwambia akicheka. "Utanitengenezea vile iko, na matope yake yote." Lukumani akaliweka juu ya kabati. Vipande vidogo mno, macho yamechoka, tutaona. Aliliacha huko miezi minane.

Kisha ndege yenyewe ikaanguka msituni kabla haijafika Buta. Wenceslas na wenzake wawili, wote wakaenda.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata mama Karima hakulijua. Asubuhi ya safari ile Lukumani alipanda ngazi akakuta mafuta yamechuruzika chini ya injini ya kushoto, mstari mweusi wa urefu wa mkono. Akashuka kumwambia mkubwa wake. Mkubwa hakuinua hata macho. "Pangusa. Ikirudi jioni tutaangalia." Lukumani alijua kabisa kwamba mafuta hayapanguswi, yanatafutwa yanakotoka. Lakini mizigo ilikuwa imeshapakiwa, na mkubwa alikuwa mkubwa. Akachukua kitambaa akapangusa mpaka bati likang'aa. Baadaye Wenceslas akaizunguka ndege yake kama desturi ya marubani, akatazama juu, akaona safi. Akamgonga fundi begani. "Papa Luku akishapita, mimi sina neno."

Huenda si mafuta yale yaliyoiangusha. Walioenda kuchunguza walirudi bila jibu, na msitu haukusema kitu. Lakini Lukumani hakulala vizuri tena tangu siku hiyo, na ilimuuma, ilimuuma sana, kwamba kila alipomwona mjane wa Wenceslas sokoni alijificha nyuma ya magunia ya mihogo.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mjane huyo, mama Élise, akaja nyumbani mwenyewe, bado amevaa nyeusi. "Papa Lukumani, mwezi kesho tunatoa matanga. Nataka ndege yake kwenye meza, pembeni ya picha. Bon, ni wewe tu unaijua."

Angekataaje? Akalishusha sanduku. Akaapa kimoyomoyo: siku ya kumkabidhi nitamwambia yote. Wiki tatu alikaa dirishani. Gundi ya sokoni ilitia ukungu kwenye vioo vya rubani, naye akavisugua kwa dawa ya meno siku mbili mpaka vikang'aa. Alichora herufi za mkiani kwa brashi ya nywele tatu. Alitia moshi, alitia matope ya kiwanja cha Buta, akachubua rangi pale mguu wa Wenceslas ulipokuwa ukikanyaga, akalia kidogo, akaendelea. Na mkono ukaenda chini ya injini ya kushoto ukaweka mstari mweusi. Aliuona alipokwisha kuumaliza. Angeweza kuufuta kwa mate tu, rangi ilikuwa mbichi. Hakuufuta. Alijiambia kwamba katika madoa yote yale nani atauliza hilo moja, akapiga vanishi juu yake.

Siku ya matanga, hema lilisimamishwa uani kwa mama Élise, viti vimepangwa, wanawake wanakoroga pondu ya majani ya mihogo nyuma ya nyumba. Lukumani alimkuta chumbani, ameshavua nyeusi, amevaa kikwembe, kitenge kipya cha rangi ya majani. Mama Élise alipofunua kitambaa kilichofunika ile ndege alishika mdomo.

"Oh, papa. Iko yeye kabisa. Angalia, hata hapa anapokanyaga!" Akaigeuza, akacheka na machozi, akauliza hili na lile. Na fundi, masikini, akasahau siri aliyokuja nayo. Miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu madoa kwa upendo namna ile. Alieleza moshi, alieleza kiraka, kifua kimemjaa.

"Na hii nyeusi ya chini?"

"Mafuta," akasema palepale. "Moteri ya kushoto ilikuwa inavuja. Nimeichora vile ilikuwa ile asubuhi."

Neno likishatoka halirudishwi mdomoni. Mama Élise aliacha kutabasamu.

"Asubuhi gani?"

Fundi akajifanya kunyoosha antena.

"Papa Lukumani. Asubuhi gani?"

"Ile ya mwisho."

"Wenceslas aliona?"

"Hapana. Nilipangusa." Na hapo akasema yote, mkubwa, kitambaa, lile bega aliloguswa na Wenceslas. "Nilikuwa nije kukuambia, mama. Kila siku nilisema kesho."

Mama Élise hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimsogezea ile ndege, akachukua kitambaa kilichoifunika akamtia mkononi. "Basi pangusa," akasema. "Si unajua kupangusa?"

Lukumani akasugua. Alisugua kwa kitambaa, akasugua kwa kidole gumba, kwa ukucha, huku machozi yakimdondokea kwenye bawa. Vanishi yake ilikuwa nzuri, aliipiga mara mbili. Mstari haukusogea.

Mama Élise akaichukua ndege akatoka nayo uani. Kwenye meza, pembeni ya picha ya mumewe, aliilaza chali, tumbo juu, injini ya kushoto ikielekea kwa watu. Akavuta kiti kimoja cha plastiki mpaka karibu na meza, akamwangalia fundi aliyesimama mlangoni.

"Kaa hapa, papa. Watauliza."

Angeweza kupita nyuma ya nyumba akaenda zake. Alikaa. Wa kwanza kufika mezani alikuwa Arsène, kaka wa marehemu, mtu mzito wa maneno. Alishika picha, akaifanyia ishara ya msalaba, kisha akainamia ile ndege.

"Na hii nyeusi ni nini?"

Lukumani akavua kofia yake, akaanza kusema.