Jina la Mama Mdogo Kwenye Filamu

Kila nikisikia harufu ya petroli ya jenereta ikichanganyika na karanga za kukaanga, narudi kwenye kibanda cha video cha mtaa wa Kisenyi, nimebanwa kwenye benchi kando ya mama mdogo.

Alipenda filamu za anga za mbali kuliko chakula. Mtafsiri alikaa karibu na skrini na maikrofoni yake, akiwasemea waigizaji kwa Kiganda na kuwabandika majina ya watu wa mtaani. Watu walilipia filamu, lakini walikuja kusikia nani atatajwa.

Siku hiyo, kabla chombo chochote cha anga hakijaruka, alitokea kwenye skrini mwanamume mnene mwenye miwani mizito. Alivaa kofia ya plastiki kama ya mwanaanga, akaipigia saluti picha ya sayari chumbani kwake, nyumbani kwa mama yake. Filamu yenyewe ilimweka pale achekwe.

"Huyu mnamjua," mtafsiri akasema, akamtaja mama mdogo. "Hana mume, hana mtoto. Anangoja posa kutoka kwenye nyota!"

Kibanda kizima kikageuka kumtazama. Muuza karanga alicheka hadi akashika tumbo. Mtu wa nyuma alimrushia mama mdogo maganda kichwani. Nilitaka kumng'ata mtu, yeyote.

"Mama mdogo, twende nyumbani."

"Tulia," akaninong'oneza. "Vyombo vya anga bado havijafika."

Vilipofika, nilivitazama peke yangu. Yeye alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.